Siku Niliyopigwa Mnada Pamoja na Fremu ya Watu

Jamani, habari hii nimeificha miaka mingi, na kuificha kwenyewe ni kazi bure maana Karatu nzima inaijua, kuanzia stendi mpaka Daa kwa wakwe zangu, ila nilikuwa najidanganya kwamba nisipoisimulia mimi basi haikutokea. Leo naisema. Aibu ni yangu, kidole ni changu (hiki hapa, cha shahada, mkono wa kulia, angalieni kovu lilivyokizunguka), na wivu ulionifikisha kule nao ulikuwa wangu, sikuuazima kwa mtu.

Mimi ni fundi baiskeli. Nilitoka Machame bado kijana, nikaja Karatu enzi barabara ni vumbi tupu, nikafungua kibanda karibu na stendi, na kwa miaka kama kumi na mbili ukisema "fundi" bila kutaja jina watu walijua unamsema Anaeli. Baiskeli zote zilizobeba mahindi na vitunguu nilizijua kwa milio, ikipita nyuma yangu nasema bila kugeuka, hiyo ya Mzee fulani, beringi zimekwisha. Nikaoa hapa hapa, nikamwoa Rebeka, Mwiraqw wa Daa, tukampata Neema, nikawa Baba Neema, mambo yakatulia. Kisha lami ikafika, na nyuma ya lami akafika Ema.

Ema, yaani Emanuel Qamara, alikuwa amefanya kazi Arusha kwenye karakana ya baiskeli za wazungu, akarudi nyumbani na sanduku jekundu la spana, kila spana na mahali pake pa kulala, akafungua karakana ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na kibanda changu. Ya tofali. Yenye mlango na kufuli. Halafu alikuwa anavaa aproni! Nyie hamjui hiyo aproni ilivyonitesa, ya kijani, mifuko mitatu kifuani, na alikuwa anaifua (mimi vazi langu la kazi lilikuwa suruali ambayo miaka sita nyuma ilikuwa ya Krismasi). Kibaya zaidi, huyu Ema ni wa Daa, kijiji kimoja na mke wangu, kwa hiyo kila akimwona Rebeka kibandani anavuka barabara, "Saita!" "Saita!", wanasalimiana kwa Kiiraqw chao, wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nimesimama na spoki mkononi natabasamia mambo nisiyoyaelewa. Akimaliza ananigeukia kwa adabu zote: "Shikamoo, shemeji." Hiyo shikamoo iliniuma kuliko tusi, kwa sababu mtu akikutukana unajua la kufanya.

Nyumbani nako hakukaliki.

"Baba Neema, umeona Ema ameweka kibao?"

"Nimekiona."

"Kimeandikwa vizuri."

"Kibao hakinyooshi rimu," nikasema, nikasukuma sahani ya ugali, na nilikuwa bado nina njaa.

Halafu Ema akaingia kwaya. Sikilizeni, kwaya yenyewe ndiyo ile ambayo Rebeka anaimba sauti ya kwanza, na haukupita mwezi Ema akawa anatolewa mbele aimbe mstari peke yake, na akina mama wanamwitikia, mke wangu akiwemo, macho wamefumba. Tangu siku hiyo nikaanza kuumwa tumbo. Lilikuwa tumbo la ajabu, linauma Jumapili asubuhi tu, mchana linaruhusu nyama. Rebeka alinichemshia kila jani analolijua na hakuniuliza swali hata moja, na mwanamke asipouliza ujue anajua.

Sasa akatokea Peta. Peta alikuwa mzungu mwenye kampuni ndogo ya kuwatembeza wageni kwa baiskeli, wanatoka Karatu mjini, wanapandisha kule kwenye mashamba ya kahawa mpaka getini Ngorongoro, halafu wakifika wanaingia kwenye gari kama watu wenye akili zao. Mji mzima ulijua anatafuta fundi mmoja wa kudumu, fundi wa mshahara wa mwezi. Mimi huo mshahara nilishauvaa kichwani, nilishanunua mabati, nilishajenga ukuta, nilishaweka mlango na kufuli.

Na alianza kwangu, hilo lazima mlijue! Alikuja Ijumaa moja ya mwezi wa saba, baridi kali, ukungu umelala mpaka chini, ameshika fremu tupu ya baiskeli yake mwenyewe, nyeusi, nyepesi mpaka unaogopa, akasema kwa Kiswahili chake cha kusuasua kwamba ni ya kaboni. Tatizo lilikuwa pale chini, kwenye kile kibomba kifupi ambamo ekseli ya pedeli inazungukia. Kwenye baiskeli zetu za chuma hicho kibomba na fremu ni kitu kimoja, kimechomelewa, lakini hiyo yake kibomba kilikuwa cha alumini, kimegundishwa ndani ya kaboni, na gundi ilikuwa imeachia, kwa hiyo ukikanyaga pedeli kinacheza, kwi, kwi, kwi. Ningesema sijawahi kuona kitu kama hicho ningekuwa nimesema kweli. Badala yake niliigonga fremu kwa ukucha, nikacheka, nikasema, "Bwana Peta, hii plastiki. Niachie, nitaipeleka kwa mchomeleaji, kesho unaondoka nayo."

Peta akabadilika rangi. "Kuchomelea? Moto?"

"Moto mdogo," nikamtuliza.

Akaikumbatia fremu yake, akaniaga vizuri, akavuka barabara. Kwa Ema alikaa saa nzima (nilikuwa naangalia saa), wakanywa chai, na alipotoka mikono ilikuwa mitupu.

Siku ile na ya pili yake nilifanya kazi nimeipa barabara mgongo, lakini kila mteja alinisimulia, kana kwamba nimewalipa wanisimulie. Eti Ema amekitoa kibomba taratibu bila nyundo. Eti amekisugua kwa msasa, amekipangusa kwa spiriti, akasugua na upande wa fremu. Eti amekizungushia kitambaa chembamba cha nyuzi za kioo, kwa sababu alumini na kaboni zikigusana zinalana. Eti gundi yenyewe ni ya makopo mawili, unachanganya, na inataka siku mbili kukauka. Siku mbili! Mimi kwa siku mbili nafufua baiskeli tano.

Jumamosi jioni Ema huyo, anavuka barabara na ufunguo.

"Shikamoo, shemeji. Nina ombi. Kesho naimba ibada zote mbili, sitarudi mpaka saa nane, na baridi hii gundi haitakauka. Naomba saa mbili asubuhi unifungulie, uniwashie jiko la mkaa, uliweke kona ya mbali, chumba kipate joto. Kwa kuwa wewe tumbo linakuzuia kwenda." (Alisema hivyo bila hata chembe ya utani, masikini.) "Ila fremu usiiguse, shemeji. Gundi bado mbichi. Peta anakuja kuichukua Jumatatu jioni, na wewe mwenyewe unajua anapima nini."

Nilijua, anapima fundi wa mshahara. Nikapokea ufunguo, nikamwambia aende kwa amani.

Jumapili Rebeka akavaa joho lake, akanichemshia majani, akaondoka. Saa mbili nikafungua karakana ya Ema. Hata kabla ya kuwasha jiko macho yalikwenda kwenye aproni, imening'inia msumarini, safi. Sasa mtu yuko peke yake, mlango umerudishwa, atafanya nini? Nikaivaa. Nikafunga kamba nyuma kwa fundo la nguvu, nikaingiza mikono kwenye mifuko, nikasimama kama fundi wa mshahara, na nawaambieni ukweli, ilinikaa kuliko inavyomkaa mwenyewe. Nikawasha jiko. Hapo ndipo ningevua aproni, nikafunga mlango, nikaenda kunywa chai, na leo nisingekuwa na kovu wala hadithi.

Lakini fremu ilikuwa pale, imebanwa kwenye stendi, na uzi mwembamba umevutwa kutoka mbele mpaka nyuma kuonyesha kwamba kibomba kimekaa wima. Kazi ilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio ulionichoma, kwa sababu nilitaka nikute ovyo. Nilitamani kibomba kiwe kinacheza, ili Jumatatu Peta akikanyaga kilie kwi, na mimi niwe nimekaa ng'ambo nakunywa soda. Nikasema nitagusa kidogo tu, kwa kidole kimoja, kama daktari.

Nikaitoa fremu kwenye stendi, nikaipakata. Nikaingiza kidole cha shahada kwenye kibomba. Ndani, kwa juu, kibomba kilikuwa na tundu dogo linalofunguka kuelekea bomba la kiti, na kidole bila kuulizwa kikaingia kwenye hilo tundu mpaka kifundo cha pili, kupapasa kama gundi imepita kote. Ilikuwa inanata. Ahaa, nikajisemea, haijashika! Na kwa furaha ile, mkono wa kushoto ukashika ukingo wa kibomba ukakizungusha.

Kikazunguka. Kilizunguka na lile tundu lake, kidole changu kikiwa ndani, na ukingo wa tundu ukakibana kidole dhidi ya kaboni kama mkasi uliofungwa nusu. Nililia kilio kikubwa, nashukuru saa ile ya Jumapili barabara ilikuwa bado haina watu. Nikajaribu kukirudisha kibomba, mkono unateleza kwa gundi. Nikavuta, kidole kikavimba. Nikavuta tena, kikavimba zaidi, na ile gundi iliyokuwa inanata kwa upole ikaanza kukaza. Nikashangaa, mbona inakaza haraka hivyo? Ndipo nikaona jiko, mkaa umeshika vizuri, chumba kina joto zuri kabisa, na aliyeliwasha ni mimi.

Nikalitoa jiko nje kwa mkono wa kushoto. Nikajaribu kufungua kamba ya aproni, fundo lile la nguvu, mkono mmoja haliwezi. Nikampigia Ema, simu imezimwa, bila shaka, yuko madhabahuni. Kumngoja mpaka saa nane kidole kitakuwa sehemu ya baiskeli. Hapo nikapata kile nilichokiita mpango: nitaifunika fremu, nitakwenda kanisani taratibu, nitasimama nyuma kwenye uzio, nitamwonyesha Ema ishara, atakuja pembeni, atanifungua, basi. Nikachukua shuka moja kuukuu iliyokuwa kwenye benchi, nikaifunika fremu pamoja na mkono, nikatoka.

Kutoka pale mpaka kanisani si mbali, lakini siku hiyo kila mtu wa Karatu alikuwa na shida ya kunisalimia kwa mkono. Mkono wa kulia uko ndani ya shuka, natoa wa kushoto, mzee wa watu ananitazama kama nimemtemea mate, napita. Mbele kidogo nikakutana na Mama Safari, mwenye hoteli ya chai, muumini mwenzetu, mwanamke mwenye mbio na mdomo kuzidi mbio.

"Fundi! Umepona tumbo?"

"Kidogo."

"Na hiyo aproni? Na hilo furushi unapeleka wapi?"

Ningesema baiskeli. Ningesema mbao. Mdomo wangu ukasema, "Sadaka."

Uso wake ukang'aa. Lazima niwaeleze kwamba mimi kanisani nilijulikana kwa sadaka yangu, inakunjwa mara nne ili isionekane ni noti gani. "Sadaka kubwa hivyo!" akasema, "Mungu akubariki, Fundi!" na kabla sijamzuia akakaza mwendo, akapotea mbele yangu.

Wale msiosali kwetu, baada ya ibada kuna mnada. Asiye na fedha anatoa alichonacho, yai, mkungu wa ndizi, kuku, debe la mahindi, vinapangwa mezani nje ya kanisa na mzee wa kanisa anavinadi, watu wananunua kwa kelele na kicheko, na kinachopatikana ni cha kazi ya Bwana. Na kuna sheria moja haijaandikwa popote lakini hata mtoto anaijua, kitu kikishatajwa mezani hakirudi nyumbani bure, lazima kinunuliwe au mwenyewe akikomboe. Ibada ya kwanza ilikuwa imekwisha, uwanja umejaa, na Mzee Tluway alikuwa juu ya kiti ananadi. Mimi ndio nafika getini, nanyata kando ya uzio, namtafuta Ema kwa macho. Nikamwona, yuko na kwaya upande wa pili, karibu na Rebeka, wanacheka kitu. Jogoo mwekundu alikuwa kwapani kwa Rebeka, ametoka kumnunua.

"Huyo amefika!" sauti ya Mama Safari.

Mzee Tluway akageuka. "Fundi Anaeli! Tumeambiwa. Wapendwa, mpisheni, mpisheni, ndugu yetu ametoka kitandani mgonjwa na sadaka yake!"

Watu wakapiga makofi. Wakanifungulia njia katikati, njia pana kabisa, inayokwenda mezani tu. Nikasema, "Hapana, mzee, mimi nina neno na..." lakini vigelegele vikanifunika, na kuna mikono mgongoni inanisukuma kwa upendo, na nilipofika mezani Mzee Tluway akashika ncha ya shuka, akaivuta.

Kisha mtu akasema, "Ni ya nini?"

"Fremu ya baiskeli!" Mzee Tluway akatangaza, maana dalali mzuri hashangai. "Nyeusi, ya kisasa. Inua juu, Fundi, waione!" Na mimi, Mungu anisamehe, nikainua, kwa sababu kidole kilikuwa kinapwita na kukiinua kulipunguza maumivu. Wakashangilia tena. Mmasai mmoja wa Olbalbal, mgeni wa familia moja pale, akasogea, akaibonyeza, akaipima uzito kwa mkono, na mkono wangu ukapanda na kushuka pamoja nayo. "Nyepesi," akasema, "hii inabebeka mpaka nyumbani," akataja bei. Dereva mmoja wa watalii akapandisha. Mama Safari akapandisha, sijui alitaka kuifanyia nini.

"Mara ya kwanza!" akalia Mzee Tluway. "Fundi, iweke mezani basi."

"Siwezi, mzee."

"Amekuwa mgumu kutoa hata sasa!" mtu akapiga kelele nyuma, na uwanja mzima ukaanguka kicheko. Nilicheka na mimi. Machozi yalikuwa yananitoka nacheka.

Ndipo ikasikika sauti moja, ya taratibu, kwa Kiswahili cha kusuasua. "Samahani. Hiyo fremu ni yangu."

Peta! Alikuwa amewaleta wageni wawili waone mnada wa kanisa, mmoja ana kamera, na kamera ilikuwa imenielekea. Za mwizi ni arobaini, zangu hazikufika hata mbili. Mzee Tluway akashuka kwenye kiti, akanitazama, akaitazama aproni ya kijani ambayo Karatu nzima inajua ni ya nani, na nikamwona anaanza kuelewa, na nyuma yake wengine wanaanza kuelewa, na mwisho kabisa nikamwona Rebeka ameelewa. Yeye hakucheka. Nikatamani acheke.

Ema alikuwa ameshafika mbele, na joho lake la kwaya. Hakunitazama usoni, aliangalia kidole. Akainama, akachungulia ndani ya kibomba, akagusa gundi kwa ukucha. Nikamngoja aseme. Angesema neno moja tu, mwizi, na kazi ya Peta ingekuwa yake, na Karatu ingekuwa yake yote.

Akainuka, akamgeukia Peta. "Bwana Peta, nilimwachia shemeji ufunguo alinde joto la chumba. Gundi haijashika, amejaribu na imezunguka. Afadhali kidole chake leo kuliko mguu wa mgeni wako kesho kule mlimani. Nitairudia upya." Kisha akaninong'oneza, "Shemeji, usivute tena. Unaongeza uvimbe." Halafu akaongeza, "Aproni imekukaa."

Mpaka leo sijajua kama ile ya mwisho ilikuwa dhihaka. Ningetoa nusu ya vifaa vyangu iwe dhihaka.

Nilidhani yamekwisha, lakini Mzee Tluway alikuwa amerudi kwenye kiti. "Wapendwa, sheria ni sheria! Fremu ni ya mwenyewe, sawa, lakini imetajwa mezani, nayo ina mtu. Nani anakomboa?"

Mimi mfukoni sikuwa na kitu, na hata ningekuwa nacho, mfuko ulikuwa upande wa kulia. Ema akaanza kupapasa chini ya joho, na hapo nikasema moyoni, ee Mungu, kila kitu, ila huyu asinikomboe, hilo tu uniepushe.

"Mimi!" Rebeka. Alikuja mbele, amekaza uso, akamweka jogoo wake mezani, akamshika miguu. "Nakomboa fremu."

"Na mtu je, Mama Neema?" Mzee Tluway akauliza, na watu wakaanza kucheka tena.

Rebeka akanitazama kuanzia aproni mpaka viatu, taratibu, kama mtu anayekagua debe la mahindi kama lina wadudu. "Anakuja na fremu," akasema. "Hawauzwi mbalimbali."

Vicheko vilivyolipuka hapo nadhani vilisikika mpaka Daa. Jogoo akanunuliwa na yule Mmasai.

Nikakalishwa nyuma ya jiko la kanisa. Ema akaomba maji ya uvuguvugu na mafuta ya kula, akanipaka, akakirudisha kibomba unywele kwa unywele mpaka tundu likakaa pale lilipokuwa, na kidole kikatoka, zambarau, kimenenepa, na mkwaruzo wa damu kukizunguka. Akaipangusa fremu kwa spiriti kabla hajanifunga kitambaa, na sikumlaumu. Jumatatu nilifungua kibanda mapema nikavuka barabara mwenyewe. Nilishika uzi, kwa mkono wa kushoto, naye akasugua upya, akapaka upya, akazungushia kitambaa upya, na hakunisimulia lolote isipokuwa kazi. Peta alisubiri mpaka Jumatano. Alipanda baiskeli yake mpaka getini Ngorongoro akashuka, na haikulia hata kwi moja. Kazi akampa Ema. Niliona wivu, sitawadanganya, nilikaa kibandani nikaona wivu mpaka jioni, lakini safari hii mikono niliiweka mapajani. Wanasema wivu kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi sikukonda, nilivimba.

Jumapili ile tulirudi nyumbani kwa miguu, Rebeka mbele, mimi nyuma na aproni ya watu bado mwilini. Karibu na nyumba nikapata ujasiri.

"Mama Neema, kwa nini hukuniacha nijikomboe mwenyewe?"

"Kwa mkono upi?"

Mchana tukala ugali na maharage. Neema akauliza jogoo aliyeahidiwa yuko wapi, mama yake akamwambia, "Muulize baba yako, ndiye tuliyembadilisha naye." Niliapa pale pale mezani kwamba kidole changu hakitaingia tena kwenye kazi ya fundi mwingine, na nimekishika kiapo. Lakini Ema bado anaimba, na kusema kweli anaimba vizuri, na ziko Jumapili chache, chache sana, ambapo nikiamka nasikia kitu kinanikata hapa chini ya mbavu, nashika tumbo, najikunja kidogo kitandani. Rebeka hachemshi tena majani. Anafunga vifungo vya joho lake mbele ya kioo, hageuki hata, na anasema, "Baba Neema, vaa viatu twende. Ukibaki ukarudi tena mnadani, safari hii sikomboi."